Kiwanja kwa Kiwanja: Namna Matumizi ya Ardhi Yanavyopasha Miji Joto

Mwanzoni mwa karne ya 19, mfamasia mmoja wa London aitwaye Luke Howard, yule yule aliyeyapa mawingu majina yanayotumika hadi leo, alikaa miaka akilinganisha joto la katikati ya mji na joto la mashambani nje yake. Matokeo yake yalichapishwa kati ya 1818 na 1820. Humo mna jambo ambalo hata leo huwachanganya watu: usiku mji ulikuwa na joto kuliko mashamba kwa takriban nyuzi 2 za Selsiasi, lakini mchana mji ndio uliokuwa na ubaridi, ingawa kwa sehemu ndogo tu ya nyuzi moja.

Wengi wetu tukisikia habari za visiwa vya joto mijini, yaani hali ya mji kuwa na joto kuliko mashamba yanayouzunguka, tunawaza jua la saa nane mchana na lami inayounguza nyayo. Kipimajoto cha hewa kinasema vingine. Kwa kawaida pengo kati ya mji na mashamba huwa pana kuliko wakati wowote saa chache baada ya jua kuzama, hasa usiku ukiwa shwari, hakuna mawingu wala upepo. Saa hizo mashamba yameshapoa, nao mji bado unatoa joto ulilolikusanya tangu asubuhi. Jua linalowaka mjini ndilo linalowaka shambani, kwa hiyo kinachotofautisha sehemu hizo mbili ni kile ambacho ardhi inalifanyia joto hilo baada ya kulipokea: nini kimetandazwa juu yake, nini kimejengwa, nini kimeng'olewa, na vyote hivyo vimepangwaje.

Nishati ya jua ikishafika chini haina njia nyingi. Sehemu yake huakisiwa na kurudi juu. Sehemu hutumika kugeuza maji kuwa mvuke. Sehemu huipasha hewa iliyo karibu, na sehemu huzama ndani ya udongo, lami au ukuta na kukaa humo. Uso wenyewe nao, kadiri unavyopata moto, hutoa mionzi ya joto kuelekea angani. Ukibadilisha matumizi ya kipande chochote cha ardhi umebadilisha mgawo huo, upende usipende.

Tuchukue kiwanja kimoja cha mita 20 kwa mita 30, chenye nyasi mbichi na udongo wenye unyevu wa kutosha. Siku ya jua kali, kila mita ya mraba hupokea kama kilowati-saa 6 za nishati. Kilowati-saa moja ndiyo ile uniti moja inayosomwa kwenye mita ya umeme. Kiwanja kizima basi kinapokea uniti zipatazo 3,600 tangu macheo hadi machweo. Nyasi hurudisha juu karibu moja ya tano ya hizo. Kinachofuata ndicho muhimu zaidi. Nyasi zilizoshiba maji, pamoja na udongo wake, zinaweza kutoa mvuke unaolingana na milimita 4 za maji kwa siku. Kwa kiwanja hiki ni lita 2,400. Kila lita inayogeuka mvuke humeza nishati ya uniti 0.68 hivi, hivyo jumla inapita uniti 1,600. Nishati hiyo haikupotea, imebebwa na mvuke, ila haikupandisha joto la mtu yeyote pale mtaani. Ndiyo kazi inayofanywa na jasho linapokaukia kwenye ngozi.

Sasa mwenye kiwanja anang'oa nyasi, anamwaga kifusi, anashindilia na kuweka lami ili apate maegesho ya magari. Lami mpya huakisi asilimia 5 tu ya mwanga wa jua, na ikichakaa na kupauka hufika asilimia 10 hadi 15. Mvua ikinyesha maji yanakimbilia mtaroni, na baada ya muda mfupi uso umekauka, kwa hiyo uvukizi ni kama haupo. Zile uniti 1,600 zilizokuwa zikiondoka na mvuke zimefungiwa njia. Sasa zinaipasha hewa, zinaipasha lami, zinazama kwenye kifusi kilicho chini yake. Adhuhuri ya siku ya joto kali uso wa lami unaweza kuvuka nyuzi 60. Jioni, wakati uwanja wa nyasi wa jirani umeshapoa kiasi cha mtu kuketi juu yake, lami hii ukiinamia bado unausikia moto wake usoni.

Mwenye kiwanja hakuvunja sheria. Katika miji mingi sheria ndiyo iliyomsukuma, kwa sababu kanuni za ujenzi zinadai nafasi kadhaa za magari kwa kila duka, ofisi au nyumba. Kwa maoni yangu, kanuni za maegesho zimeongeza joto la miji kuliko walioziandika wanavyodhani, na bila shaka hakuna aliyeziandika akiwaza joto. Zidisha kiwanja hicho kwa maelfu, weka barabara za kuyafikisha magari huko, ongeza mapaa, na hapo umepata sehemu kubwa ya eneo la mji wowote wa kisasa.

Hata hivyo, kama tatizo lingekuwa lami peke yake, tungelimaliza kwa ndoo za rangi nyeupe. Kuna suala la umbo.

Tim Oke, mtaalamu wa hali ya hewa aliyefanyia kazi zake Vancouver, Kanada, alionyesha kwamba unaweza kukadiria kilele cha tofauti ya joto la usiku kati ya mji na mashamba kwa kujua mambo mawili tu kuhusu kitovu cha mji: majengo yana kimo gani, na barabara zilizo kati yake zina upana gani. Majengo yakiwa na kimo kinacholingana na upana wa barabara, fomula yake ya mwaka 1981 inatoa nyuzi zipatazo 7 na nusu. Hicho ni kilele cha usiku mmoja shwari usio na wingu, wala kisichukuliwe kama wastani wa mwaka. Magazeti hupenda kunukuu kilele kana kwamba ndiyo hali ya kila siku.

Sababu yake ni kwamba usiku ardhi hupoa kwa kutoa mionzi kuelekea angani, na anga safi la usiku ni baridi mno. Shamba limekaa wazi chini ya anga lote. Barabara nyembamba iliyobanwa na majengo ya ghorofa kumi inaona ukanda tu wa anga, na kwingine kote inatazamana na kuta. Mionzi inayotoka kwenye lami inagonga ukuta, ukuta unaimeza, kisha unaitoa tena kuelekea ukuta wa pili na kurudi chini. Joto linazunguka humo kwa saa nyingi kabla halijapata upenyo wa kutoka. Wataalamu huuita mtaa wa namna hiyo korongo, na jina limeukaa vyema.

Lakini korongo linalozuia joto kutoka usiku huzuia pia jua kuingia mchana. Huko Fez, nchini Moroko, watafiti walipima vichochoro vyembamba vya mji wa kale na kuvilinganisha na mitaa mipana ya sehemu mpya. Mchana wa kiangazi, kichochoro kilikuwa na ubaridi zaidi kwa wastani wa nyuzi 6, na siku za joto kali kabisa tofauti ilikaribia nyuzi 10. Waliojenga vichochoro hivyo hawakuwa na vipimajoto, ila walikuwa na vizazi vingi vya watu waliotembea juani.

Hapo ndipo suala la matumizi linapoingia kwa maana yake halisi, yaani nani yuko pale na saa ngapi. Mtaa wa maofisi hujaa watu mchana na kubaki mtupu usiku, kwa hiyo kivuli cha majengo marefu ni faida kubwa na joto la usiku halimsumbui mtu. Mtaa wa makazi ni kinyume. Watu wanarudi jioni, wanalala humo, na miili yao inahitaji usiku uliopoa ili ipumzike kutokana na joto la mchana. Kuchukua umbo linalofaa maofisi na kulipeleka kwenye makazi bila kufikiri ni kosa ambalo haliwezi kurekebishwa kwa miaka hamsini, maana majengo hayahamishwi.

Vifaa vya ujenzi navyo vina saa zake. Paa la mabati ni jembamba na haliwezi kuhifadhi joto jingi. Adhuhuri linaunguza na kumwaga joto juu ya vichwa vya waliomo ndani, lakini jua likishazama linapoa haraka. Zege na matofali mazito hufanya kinyume chake: asubuhi nyumba ni baridi na mtu anafurahi, mchana kuta zinameza joto taratibu, na ikifika saa nne za usiku kuta hizo hizo zinalitoa ndani ya chumba cha kulala. Ghala kubwa la bidhaa ni kitu kingine tena. Paa lake pana na tambarare halina kivuli hata inchi moja, na limezungukwa na uwanja wa kugeuzia malori. Halina umbo la korongo wala ghorofa, lakini mchana hakuna sehemu ya mji inayolishinda kwa moto.

Kwa sababu hiyo, maneno "mji" na "shamba" peke yake hayatoshi kuelezea kinachotokea. Mwaka 2012 Oke na mwenzake Iain Stewart walipendekeza mgawanyo wa aina 17 za ardhi, 10 zilizojengwa na 7 zisizojengwa, kwa kutazama kimo cha majengo, msongamano wake, vifaa vyake na kiasi cha mimea. Mgawanyo huo umeenea duniani kote, na faida yake kubwa ni kwamba unamlazimisha anayedai "mji una joto zaidi" aseme ni sehemu gani ya mji, na ina joto zaidi kuliko nini.

Hilo la "kuliko nini" ni zito kuliko linavyoonekana. Mji uliojengwa palipokuwa na msitu utaonekana wa moto sana kwa sababu msitu jirani ni baridi. Mji uliojengwa jangwani, wenye bustani zinazomwagiliwa kila siku, unaweza mchana kuwa na ubaridi kuliko mchanga unaouzunguka. Phoenix, Marekani, ni mfano unaotajwa mara nyingi: mchana vitongoji vyenye bustani huwa nafuu kuliko jangwa, lakini usiku zege na lami ya mji hushika joto ambalo jangwa limeshaliachia.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu miji 65 ya Amerika Kaskazini uliongeza kipengele ambacho wengi hatukukitarajia, nacho ni ukwaru wa uso wa ardhi. Vilele vya miti ya msitu vimepanda na kushuka, hivyo hukoroga hewa na kuinua joto juu. Msitu ukikatwa na mahali pake pakajengwa mji, uso unakuwa laini zaidi kwa hewa inayopita, na joto linabaki chini. Katika maeneo makavu yenye vichaka vifupi mambo hugeuka, maana majengo ndiyo yenye ukwaru, nayo hulipeperusha joto vizuri kuliko vichaka. Watafiti waliona kwamba jambo hili ndilo linaloeleza zaidi kwa nini mchana mji mmoja unatofautiana na mwingine. Anayedhani kila kitu ni uvukizi, hapa imebidi afikiri upya.

Upepo wenyewe nao ni mali ya ardhi, ingawa hauandikwi kwenye hati. Stuttgart, Ujerumani, umekaa kwenye bonde lililozungukwa na vilima, na upepo wake ni hafifu. Tangu mwaka 1938 manispaa yake imekuwa na mtaalamu wa hali ya hewa. Kazi iliyokua kutokana na uamuzi huo ni ramani zinazoonyesha njia ambazo hewa baridi huteremkia usiku kutoka kwenye vilima na kuingia mjini. Njia hizo hulindwa katika mipango ya ujenzi. Anayetaka kujenga jengo refu lililokatiza mlango wa bonde dogo hukutana na ramani hiyo kabla hajakutana na mkandarasi. Kwenye miji mingine, jengo moja lililowekwa vibaya hukata hewa ya mitaa mizima, na wakazi hawajui walichopoteza kwa sababu hakikuwahi kuonekana kwa macho.

Kuna pia joto ambalo watu wenyewe tunalizalisha. Kiyoyozi hakiui joto, kinalitoa chumbani na kulimwaga barabarani, pamoja na joto la umeme kilioutumia. Magari hufanya vivyo hivyo. Kwa miji mingi mchango huu ni mdogo ukilinganisha na jua, lakini penye msongamano mkubwa hesabu inabadilika. Makadirio ya katikati ya Tokyo yalionyesha kwamba mitaa ya maofisi hutoa zaidi ya wati 400 kwa kila mita ya mraba mchana. Jua la adhuhuri lenyewe hutoa kama wati 1,000.

Sasa tuje kwenye ramani za joto la miji, zile nyekundu zinazosambaa kila mahali, zinazotengenezwa kwa picha za satelaiti. Ni nzuri, na zinadanganya kidogo. Satelaiti za Landsat hupita juu ya sehemu nyingi karibu na saa nne asubuhi. Zinapima joto la nyuso zinazoonekana kutoka juu, yaani mapaa, lami na vilele vya miti. Hazipimi hewa anayovuta mtu, haziyaoni makuta, na picha hiyo ya asubuhi haisemi lolote kuhusu usiku wa mtu anayeshindwa kulala. Paa la ghala litawaka jekundu kwenye ramani hata kama hakuna binadamu aliye karibu, huku mtaa wa maghorofa uliobanana ukionekana wa wastani mchana kwa sababu ya vivuli vyake, ilhali usiku ndio wenye hali mbaya. Mpangaji miji anayegawa fedha za miti kwa kutazama rangi ya ramani pekee anaweza kuzipeleka pasipo na mtu wa kuzihitaji.

Tofauti hii kati ya uso, hewa na mwili ilijitokeza wazi Los Angeles, ambako baadhi ya barabara zilipakwa rangi ya kuakisi mwanga. Watafiti walizipima wakiwa na kigari kilichobeba vihisi kwenye kimo cha mtu. Uso wa barabara ulipoa kwa nyuzi kadhaa, kama ilivyotarajiwa. Lakini mwanga ulioakisiwa ulikwenda wapi? Adhuhuri ulimpiga mtu anayetembea, na mzigo wa mionzi juu ya mwili wake uliongezeka badala ya kupungua. Hiyo haifanyi rangi nyeupe kuwa upuuzi. Juu ya paa, ambako hakuna anayepita, kuakisi jua ni jambo jema kabisa na ni rahisi. Barabarani penye waenda kwa miguu ni habari nyingine, na mimi ningechagua kivuli kabla ya rangi, kwa sababu kivuli kinalizuia jua kabla halijafika kwa mtu wala kwa lami.

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba ardhi hujipangia yenyewe. Haijipangii. Katika miaka ya 1930, shirika la serikali ya Marekani la mikopo ya nyumba, Home Owners' Loan Corporation, lilichora ramani za miji na kupaka rangi nyekundu vitongoji vilivyohesabiwa kuwa hatari kukopeshwa, na sehemu kubwa ya hivyo vilikuwa vya watu weusi na wahamiaji. Utafiti wa mwaka 2020 ulichukua miji 108 yenye ramani hizo na kuziweka juu ya vipimo vya satelaiti. Vitongoji vilivyokuwa vyekundu vilikuwa na joto zaidi, kwa wastani wa nyuzi 2.6, kuliko vile vilivyopewa daraja la juu. Tahadhari niliyoitoa kuhusu satelaiti inahusika hapa pia, kwa kuwa hilo ni joto la nyuso. Lakini mtiririko wa sababu unaeleweka. Pasipo na mikopo hapana ukarabati wala bustani, na ardhi inabaki ya bei ya chini. Serikali ikitafuta pa kupitisha barabara kuu au pa kuweka maghala, inaelekea penye ardhi ya bei ya chini. Miti haikukataa kuota kwenye vitongoji hivyo. Ilinyimwa nafasi.

Na joto huua. Julai 1995, wimbi la joto la siku chache liliacha vifo zaidi ya 700 huko Chicago, wengi wakiwa wazee walioishi peke yao. Wimbi la Ulaya la mwaka 2003 lilichukua maisha ya watu wapatao 15,000 Ufaransa pekee. Katika siku kama hizo, nyuzi mbili tatu za ziada zinazotokana na mpangilio wa mtaa ndizo zinazomnyima mgonjwa wa moyo nafuu ya usiku.

Kuhusu miti, nambari zimekuwa bayana zaidi miaka hii ya karibuni. Huko Madison, Wisconsin, watafiti walifunga vihisi kwenye baiskeli na kuendesha mjini kote wakipima joto la hewa mahali baada ya mahali. Waligundua kwamba miti haileti ubaridi kwa uwiano ulionyooka. Mwanzoni unaongeza miti na kipimajoto hakishuki sana. Kivuli cha miti kikishafunika zaidi ya asilimia 40 ya mtaa, ndipo hewa ya mchana inashuka kwa kiasi kinachoonekana. Eneo lenyewe linalopimwa ni dogo, kama mita 60 hadi 90 kuzunguka pale ulipo. Maana yake ni kwamba kutawanya miche michache kila mahali ili kila diwani apate chake kunaweza kuzaa picha nzuri na ubaridi mdogo. Heri kuanza na mitaa iliyokaribia kiwango hicho na kuivusha, na kwenye mitaa mikavu kabisa kupanda kwa wingi mara moja.

Utafiti mwingine, uliotoka mwaka 2023 na kuhusisha miji 93 ya Ulaya, ulikadiria kwamba joto la ziada la mijini lilichangia vifo zaidi ya 6,000 vya mapema katika kiangazi cha mwaka 2015, na kwamba zaidi ya theluthi moja ya vifo hivyo vingeweza kuepukwa kama miti ingefunika asilimia 30 ya maeneo hayo. Wastani uliokuwepo ulikuwa karibu asilimia 15.

Je, bustani moja kubwa au nyingi ndogo? Chapultepec, msitu mkubwa ndani ya Mexico City, ulipimwa na kuonekana kuwa ubaridi wake hufika umbali wa kilomita 2 nje ya mipaka yake, sawa na upana wa bustani yenyewe. Ni kanuni ya makadirio inayosaidia: ubaridi wa bustani huishia umbali unaokaribia upana wake. Kwa hiyo bustani kubwa inafika mbali, lakini anayekaa kilomita 10 haimfai kitu, na mji wenye bustani moja ya fahari katikati na ukame kwingine kote haujafanya mengi. Maji yana tabia yake pia. Seoul ilibomoa barabara ya juu kati ya 2003 na 2005 na kuufunua mto Cheonggyecheon uliokuwa umefukiwa chini yake, kwa urefu wa karibu kilomita 6, na vipimo vya kiangazi vilionyesha kando ya mto pakiwa na ubaridi kwa nyuzi kadhaa kuliko barabara za jirani. Hayo ni maji yanayotiririka, kwenye ukanda ulioruhusu pia hewa kupita. Bwawa lililotuama ni jingine: mchana linapoza, ila hupata joto polepole na kulitunza, na mwishoni mwa kiangazi linaweza usiku kuwa na joto kuliko nchi kavu iliyo kando yake.

Linalosahaulika katika mipango mingi ya upandaji miti ni kwamba mti unahitaji ardhi chini kama unavyohitaji juu. Ramani ya mtaa huonyesha kiduara cha kijani kando ya barabara. Chini ya kiduara hicho pana bomba la maji safi, bomba la maji taka, nyaya za simu na za umeme, na udongo ulioshindiliwa hadi ukawa mgumu kama jiwe, kwa kuwa barabara hujengwa juu ya udongo wa namna hiyo. Mche unachimbiwa shimo la mita moja, unakua miaka michache, mizizi inagota, na mti unadumaa au unakauka kabla haujatoa kivuli cha kumfaa mtu. Fedha zimetumika, takwimu za "miti iliyopandwa" zimeandikwa, na joto liko pale pale. Zaidi ya hapo, mti wenye kiu hufunga vinyweleo vya majani yake na kuacha kutoa mvuke, hivyo hata ukiwa hai unabaki na kivuli tu.

Stockholm ilipokagua miti yake ya barabarani iligundua kwamba mingi ilikuwa ikidhoofika kwa kukosa hewa na maji ardhini. Walichofanya ni kubadilisha kinachowekwa chini ya njia za waenda kwa miguu. Badala ya udongo ulioshindiliwa, wanaweka tabaka nene la mawe makubwa yaliyopondwa, yanayobeba uzito wa watu na magari huku yakiacha mianya kati yake. Katika mianya hiyo huingizwa udongo na makaa ya mimea, na mizizi hupenya humo kwa mita nyingi. Maji ya mvua kutoka kwenye mapaa na barabarani, ambayo kwingine yangekimbizwa mtaroni, huelekezwa kwenye tabaka hilo, na hewa nayo hupitishwa humo kwa matundu maalumu. Kuitengeneza hivyo ni gharama kubwa kuliko kuchimba shimo, na inabidi ifanyike wakati barabara imefumuliwa kwa sababu nyingine. Mhandisi wa maji, mhandisi wa barabara na mtu wa bustani hulazimika kukaa juu ya mchoro mmoja kabla ya mtambo wa kuchimba kufika.